Manowari kubwa kwenye gemu la mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi kila mara, tena mara nyingi toka kwa mtu aliyepata dude lake kubwa (manowari) la kwanza, akalipaka rangi siku tatu, alafu likazama ndani ya dakika arobaini. Nimejikita kwenye gemu za zama za mizinga mikubwa, yaani toka Dreadnought ya Uingereza iliposhushwa majini 1906 mpaka 1945, zile za kurusha dadu na kupima kwa tepu. Sheria zinatofautiana gemu na gemu kwa hiyo namba za dadu humu ni za mfano tu, we linganisha na kitabu chako.

Manowari kubwa ndo ipi hasa, na kruza je?

Kwa lugha ya mezani dude ni meli yenye mizinga mikubwa, tuseme kuanzia milimita 280 kwenda juu, NA deraya (chuma kinene cha kujikinga) ya kustahimili mizinga kama yake yenyewe. Hiyo nusu ya pili ndo watu wanaisahau. Kruza ni nyepesi, ina mbio, mizinga yake mingi ni ya milimita 152 au 203, ukiiweka ana kwa ana na dude haichukui raundi. Katikati yao kuna kruza ya vita, nitaifikia. Destroya ndo kale kadogo, bati tupu, kamebeba topido (bomu linalokimbia chini ya maji), na mezani nimeona madude mengi yakiuawa na hako kuliko na dude mwenzao.

Nina pointi za dude moja au meli ndogo nne, nichukue nini?

Inategemea mnagombea nini. Kama ni kuzamishana tu kwenye meza tupu, dude lina faida moja kubwa ambayo haiandikwi popote: ndogo nne zikipoteza moja umeshapoteza robo ya mizinga yako, lakini dude likila vipigo vitatu vya kwanza kwenye gemu nyingi bado linapiga kwa nguvu ileile, linaanza kuchoka likishavuka nusu. Lakini kama misheni ni kushika sehemu tatu za bahari au kusindikiza meli za mizigo, dude moja haliwezi kuwa huku na kule kwa wakati mmoja, utakuwa unakimbia kama mtu anayezima moto nyumba tatu.

Alafu kuna suala la zamu. Kwenye gemu za kusogeza meli moja moja kwa kupokezana, mwenye meli nne anakusubirisha, we ushasogeza la kwako na umeonyesha ubavu, yeye bado ana tatu mkononi na anajua uko wapi. Hiyo ni silaha kabisa na haihesabiwi kwenye pointi.

Mi nina kipimo changu, dude lisile zaidi ya nusu ya pointi zote. Ukizidisha hapo unabaki na mfalme asiye na askari.

Yamato si ndo kali kuliko zote? Nichukue tu hiyo?

Kwa karatasi ndiyo, hiyo manowari ya Japani. Mizinga 9 ya milimita 460, hakuna manowari iliyowahi kubeba mikubwa zaidi, deraya ya ubavuni milimita 410. Dada yake Musashi ni hivyohivyo. Lakini mbio zake ni maili 27 za baharini kwa saa, wakati Iowa ya Marekani inaenda 33, sasa piga picha mwenye Iowa ndo anachagua mpigane kwa masafa gani, zamu baada ya zamu, na we unamfuata tu. Na bei yake kwa pointi kwenye gemu nyingi ni ya kutisha, ukishailipia hubakizi cha kuilinda. Zote mbili, Musashi Oktoba 1944 na Yamato Aprili 1945, zilizamishwa na ndege na sio na mizinga ya mtu.

Kwa hiyo ichukue kama meza ni ndogo, hakuna ndege, na mwenzio lazima aje kwako. La sivyo kuna madude ya bei ya kati yatakayokupa raha zaidi.

Kwenye karatasi ya meli niangalie nini kwanza?

Watu wote wanaanza na mizinga. Mi naanza na mbio, alafu mpangilio wa tareti (ile minara inayozunguka yenye mizinga), alafu deraya ya sitaha, mizinga mwisho. Sababu ni kwamba madude karibu yote yana mizinga ya kutosha, kinachotofautisha ni kama utafika pale ambapo mizinga yako ina maana.

Mfano mzuri ni Rodney ya Uingereza. Mizinga 9 ya milimita 406, inatisha, na tareti zote tatu ziko mbele, nyuma hakuna kitu. Mbio 23 tu. Sasa meli kama hiyo ukiitumia kukimbia huku unapiga nyuma umeshaipoteza, lakini ukiiweka katikati ya meza adui ndo aingie kwako, ni ukuta. Bismarck ya Ujerumani ni kinyume, mizinga 8 ya milimita 380, nne mbele nne nyuma, mbio 30, hiyo unaweza kupigana ukiwa unaingia na ukiwa unatoka. Karatasi mbili zenye nguvu zinazokaribiana lakini zinaendeshwa tofauti kabisa.

Kruza ya vita ni mbovu kama wanavyosema?

Sio mbovu, inatumiwa vibaya. Ilitengenezwa iwe na mizinga ya dude na mbio za kruza, na mbio hizo zikalipwa kwa deraya. Kazi yake ni kuwinda kruza za kawaida na kukimbia madude. Tatizo likaja pale walipoipanga kwenye mstari ipigane na mizinga mikubwa. Kwenye vita vya Jutland, tarehe 31 Mei 1916, Waingereza walipoteza tatu kwa siku moja, Indefatigable, Queen Mary na Invincible, zote zililipuka. Na sio deraya peke yake, baruti ilikuwa inaachwa ovyo kwenye njia ya toka ghalani kwenda kwenye tareti ili wapige haraka haraka, moto ukiingia juu unashuka mpaka chini.

Gemu nyingi zinaonyesha hilo kwa kipigo cha hatari, ukipata namba fulani ghala la baruti linalipuka na meli imekwisha hata kama ilikuwa nzima. Kwa hiyo kruza ya vita usiiweke mahali ambapo mtu anaweza kuirushia dadu nyingi, kila dadu ni tiketi ya bahati nasibu na zawadi yake ni meli yako.

Nikae mbali au niingie karibu?

Hili ndo swali lenyewe.

Kombora (risasi ya mzinga) likipigwa kwa karibu linaenda limenyooka, linagonga ubavu. Likipigwa kwa mbali linapanda juu sana alafu linashuka kwa kichwa, linagonga sitaha. Ubavu ni mnene, sitaha ni nyembamba, kwenye meli zote. Kwa hiyo kila dude lina ukanda fulani wa masafa ambapo liko salama kiasi: karibu zaidi ya hapo ubavu unatobolewa, mbali zaidi ya hapo sitaha inatobolewa. Dhidi ya mizinga midogo ukanda huo ni mpana, dhidi ya mizinga mikubwa ni mwembamba na wakati mwingine haupo kabisa.

Kazi yako kama nahodha ni kujua ukanda wako na wa mwenzio, alafu ukae pale ambapo wewe uko ndani ya wako na yeye yuko nje ya wake. Basi, ndo siri yote, na ndo maana naweka mbio kwanza, sababu asiye na mbio hachagui.

Kabla gemu halijaanza chukua karatasi zote mbili, angalia jedwali la kupenya (linaloonyesha mzinga unatoboa deraya gani kwa umbali gani), andika pembeni kwa penseli sentimita ngapi hadi ngapi uko salama. Dakika tano tu. Wengi hawafanyi, wanaishia kuuliza "hivi kwa hapa inatoboka?" wakati dadu zishadondoka.

Meli ya zamani yenye sitaha nyembamba, ingia karibu haraka. Hood, kruza ya vita ya Uingereza, alfajiri ya tarehe 24 Mei 1941 ilikuwa inajaribu hivyohivyo, kupunguza masafa mbele ya Bismarck, haikuwahi. Ghala la nyuma likalipuka, kati ya watu 1,418 wakapona 3.

Nimwonyeshe omo (mbele ya meli) au ubavu?

Tuchukue Bismarck yangu, kila mzinga dadu moja, unapata kwa 5 au 6. Ukionyesha ubavu unarusha dadu 8, wastani ni karibu vipigo vitatu. Ukimwelekezea omo unarusha 4 tu, kipigo kimoja na kidogo. Hiyo ni nusu ya nguvu umeiacha mezani bure.

Lakini gemu nyingi zinampa mwenzio shida ya kulenga meli iliyomwelekezea omo, sababu ni nyembamba, tuseme anahitaji 6 tupu, basi na yeye dadu zake 8 zinashuka toka karibu vipigo vitatu hadi kimoja na kidogo. Mmepunguziana sawa kwa sawa. Kwa hiyo omo ina maana pale unapokuwa unaharakisha kuingia kwenye ukanda wako, sio pale unapotaka kushinda raundi.

Kinachotafutwa ni ile pembe ya katikati, umelala kidogo, tareti ya nyuma ndo kwanza inaanza kumwona adui. Hapo unapiga kwa mizinga yote na bado hujamwekea ubavu wote kama ubao wa shabaha, na kombora linalokuja linakutana na deraya kwa mshazari kwa hiyo linapata chuma kinene zaidi. Mi nimekata kipande cha kadibodi chenye umbo la hiyo pembe, nakiweka kwenye tareti ya nyuma kabla ya kusogeza, mwenzangu ananicheka, lakini tangu nikikate sijawahi kusogeza dude nikagundua nimejifungia mizinga yangu mwenyewe. Hood na mwenzake Prince of Wales siku ile ndo yaliwakuta, waliingia kwa pembe kali mizinga ya nyuma ikawa haioni kitu, na Hood ilikuwa ndo inageuka kuifungulia pale ilipopigwa.

Kama una meli kadhaa kwenye mstari, lengo ni kupita mbele ya omo la mstari wake, nyie wote mnapiga kwa ubavu na yeye anajibu kwa mizinga ya mbele ya meli ya kwanza tu. Admirali Togo wa Japani aliwafanyia hivyo Warusi kule Tsushima Mei 1905, Jellicoe wa Uingereza akaifanya Jutland. Mezani haitokei yenyewe, unatakiwa uanze kuijenga zamu mbili tatu kabla, na mtu mwenye mbio kubwa anakukatalia.

Destroya zinanimaliza kila gemu, nifanyeje?

Pole, nimepita huko. Kosa langu lilikuwa hivi: zamu ya nne, Yamato yangu iko na ubavu mtamu kabisa dhidi ya kruza mbili, destroya tatu zikatoka nyuma ya pazia la moshi, nikasema ngoja nipige raundi moja tu alafu nigeuke. Zikaachia topido. Tatu zikapata, upande mmoja wote. Zamu ya sita nilikuwa nakusanya vitu vyangu.

Jambo la kwanza, topido inaua kwa sababu inagonga chini ya maji ambako deraya ya ubavu haina msaada, kwa hiyo usiseme "nina milimita 410". Topido za Japani za milimita 610 zinaenda mbali kuliko za mtu mwingine yeyote, hata kilomita 20 zikiwa kasi kamili, kwa hiyo ukicheza dhidi ya Japani ule umbali uliozoea kuuita salama sio salama.

Jambo la pili, geuka MAPEMA. Unaelekeza omo au tezi (nyuma ya meli) kwenye topido ili zipite pembeni. Kuelekeza omo ni bora kama unaweza, sababu unabaki vitani, ukigeuza tezi unaondoka na huenda usirudi. Kule Samar, Ufilipino, tarehe 25 Oktoba 1944 destroya za Marekani zilirusha topido kwa kikosi cha Wajapani, Yamato ikageuka kuzikimbia, ikajikuta inasindikizwa na topido pande zote mbili ikielekea kinyume na vita kwa kama dakika kumi. Haikuguswa na topido hata moja na bado ilitolewa kwenye mchezo. Mwenzio mjanja anarusha topido akijua hazitapata, anachotaka ni ugeuke. Sasa we ndo uamue mapema unageukia wapi, kabla hajakuamulia.

Tatu, za kwako zikae mbele ya dude, kati yake na adui, sio nyuma zikisubiri. Naona watu wanaficha destroya nyuma ya dude kana kwamba dude ndo mlinzi, ni kinyume. Destroya yako hata isipoua inamlazimisha mwenzie kurusha topido kwa mbali.

Nne, mizinga midogo ya pembeni ndo ya kuwapiga hao. Iowa ina mizinga 20 ya milimita 127 kwa kazi hiyo. Mizinga mikubwa iache kwa wakubwa, isipokuwa destroya imeshaingia masafa ya topido na bado haijarusha, hapo piga kwa chochote ulichonacho.

Nipige meli moja au nigawe mizinga?

Moja. Meli tatu za adui zenye majeraha bado ni meli tatu zinazopiga. Kuna gemu zinakupa adhabu mkiilenga meli moja wengi kwa sababu maji yanayorushwa na makombora yakianguka yanachanganyana na hamjui yapi ya nani, ambayo ni kweli ilikuwepo, ndo maana kuna wanamaji walitia rangi kwenye makombora yao. Hata hivyo adhabu hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko faida.

Usukani umekwama, nimekwisha?

Karibu. Bismarck ilipigwa na topido ya ndege nyuma kwenye usukani jioni ya tarehe 26 Mei 1941, ikawa haiwezi kushika njia, kesho yake Rodney na King George V wakaikuta. Lakini Warspite ya Uingereza kule Jutland usukani ulileta matatizo ikazunguka duara mbele ya kikosi kizima cha Wajerumani, ikachapwa vibaya na ikarudi nyumbani. Kwa hiyo zamu hiyo punguza mbio kama sheria zinaruhusu, tumia watu wa matengenezo kwenye usukani na sio kwenye moto, na leta moshi. Pazia la moshi la destroya moja hapo lina thamani kuliko tareti nzima.

Gemu la usiku, dude lina maana?

Lenye rada, ndiyo, tena sana. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Novemba 1942 karibu na Guadalcanal, Washington ya Marekani iliimaliza Kirishima ya Japani kwa dakika chache wakati Wajapani wako bize na South Dakota ambayo umeme ulikuwa umeisumbua. Dude lisilo na rada usiku ni jumba linalosubiri topido, usiilipie pointi.

Na ndege?

Kama gemu lenu lina ndege basi dude peke yake ni chakula. Chukua kruza ya kupiga angani au meli ya kubeba ndege, au kubalianeni mapema mcheze bila ndege. Wengi tunacheza bila, sio kwa uoga, ni kwa sababu tulitaka gemu la mizinga.

Saa ngapi niliondoe dude vitani?

Likishapoteza theluthi mbili ya uhai na bado lina mbio, ondoka. Gemu nyingi zinatoa pointi nusu au zote kwa kulizamisha, na kwa sababu ndo meli ya bei kubwa, kulipoteza mara nyingi ndo kupoteza gemu lenyewe hata kama ulikuwa mbele. Tatizo ni kwamba watu wanasubiri mpaka mbio zimeshakatwa. Scharnhorst ya Ujerumani Desemba 1943 ilikuwa inakaribia kuponyoka kwa mbio zake, kombora la Duke of York likagusa mitambo ya mvuke, kasi ikashuka, destroya zikaifikia. Ukipigwa kipigo cha kwanza kwenye injini usingoje cha pili.

Kwetu hairuhusiwi kupima kabla ya kupiga, nakosa kila mara.

Hiyo ni staili ya zamani, Fletcher Pratt wa Marekani alikuwa na gemu lake ambalo mnasogeza meli sakafuni na kila mtu anakisia masafa kwa macho kabla ya kupimwa. Jifunze urefu wa vitu ulivyo navyo: kiganja chako kikipanuliwa ni sentimita ngapi, meli yako ni ngapi, alafu hesabu meli ngapi zinaingia kati yenu. Na kumbuka ulichokisia zamu iliyopita na mmesogea kiasi gani toka hapo, nusu ya kazi ishafanyika. Kitu kimoja, inama usawa wa meza.

Naweza kumgonga kwa omo?

Kama kitabu kinaruhusu unaweza. Nimejaribu mara mbili, mara ya kwanza nilimkosa, ya pili tukazama wote.